Wiki 13: kiongozi wa biashara anavyopimwa hali inapokuwa ngumu

Mauzo yakiporomoka, kampuni hugawanyika kambi mbili hata kabla bodi ya wakurugenzi haijaketi. Kambi moja humtaka kiongozi anayekata: punguza watu, funga matawi, maliza yote kwa mkupuo ili waliobaki wajue yamekwisha. Nyingine humtaka kiongozi anayelinda: asifukuzwe mtu, tugawane machungu, kwa kuwa hali itatengemaa na watu hao hao watahitajika. Kila kambi ina mifano yake ya kujivunia na kampuni zake zilizokufa. Ubishi huu huishia kwenye tabia za watu, nani ana roho ngumu na nani ana huruma, na hapo ndipo unapopotea njia. Uamuzi wa kukata au kulinda unategemea maswali mawili. Fedha taslimu zitatutosha hadi lini? Na wateja waliotutoka, watarudi?

Wengi hulijibu swali la kwanza kwa kutazama taarifa ya faida na hasara, na humo jibu halimo. Chukua kampuni inayouza 100 kwa mwezi, ziwe elfu au milioni. Kati ya hizo, 40 ni malighafi na gharama nyingine zinazopanda na kushuka pamoja na mauzo, 45 ni mishahara, pango na riba, na 15 ni faida. Mauzo yakishuka kwa asilimia 30, mapato yanakuwa 70 na malighafi 28, lakini zile 45 haziguswi. Faida ya 15 imegeuka hasara ya 3. Hasara ya 3 haimkoseshi mtu usingizi. Lakini wateja waliokuwa wakilipa baada ya siku 60 nao wamebanwa, sasa wanalipa baada ya siku 90. Maana yake ni mwezi mzima bila makusanyo: zile 100 za mauzo ya zamani, ambazo mishahara ya mwezi huu ilikuwa inazingoja, hazikuingia. Kitabu cha hesabu kinaonyesha hasara ya 3, na benki kuna pengo la 100. Kampuni nyingi zilizofilisika zilikuwa na maagizo mkononi siku zilipofunga milango.

Chombo cha kuliona pengo hilo mapema ni jedwali la fedha la wiki 13, yaani robo mwaka, muda unaobeba mizunguko mitatu ya mishahara na kwa kawaida angalau tarehe moja kubwa ya kodi au marejesho ya mkopo. Kila wiki ina safu yake. Juu kuna salio la kuanzia. Yanafuata makusanyo, yakiwekwa kwenye wiki ambayo mteja atalipa kweli kwa jinsi alivyolipa miezi ya karibuni, hata kama ankara inasema tarehe nyingine. Kisha malipo kwa mpangilio: mishahara, kodi, riba na marejesho, wasambazaji ambao wakisimama uzalishaji unasimama, halafu wengine wote. Kila Jumatatu, yaliyokadiriwa wiki iliyopita hulinganishwa na yaliyotokea na wiki mpya huongezwa mwishoni.

Jedwali huharibiwa na matumaini. Idara ya mauzo ikiachiwa kujaza makusanyo, itajaza ahadi. Mstari huo ajaze mtu wa hesabu aliyempigia simu kila mteja mkubwa, na kiongozi mwenyewe aulize kwa nini fedha iliyotarajiwa wiki ya 2 imesogezwa wiki ya 3, kisha ya 4. Deni linalosogezwa mara tatu huenda halitalipwa kabisa, na ni heri kulitoa kwenye jedwali.

Jedwali likishakuwa la kweli, hoja ya kukata haraka huanza kuyumba mahali ambapo wengi hawakutarajia. Mfanyakazi akiachishwa na kulipwa fidia ya miezi mitatu, fedha yake yote hutoka kwa pamoja mwezi wa kwanza, na akiba huanza kuonekana mwezi wa nne. Ndani ya wiki 13, kupunguza watu kunazidisha uhaba wa fedha. Anayesema "tumewaondoa watu ili tuokoe kampuni" huku fedha zinaisha wiki ya 7 hajafanya hesabu. Kinachookoa wiki ya 7 ni madeni ya wateja na mali iliyolala ghalani. Kwa mauzo ya 70 kwa mwezi, kurudisha muda wa kulipwa kutoka siku 90 hadi 75 kunaleta 35 taslimu, nusu ya mauzo ya mwezi. Faida hiyo hupatikana mara moja tu, haijirudii, kwa hiyo inanunua muda bila kuponya. Na kuwabana wasambazaji kwa kuwachelewesha kuna kikomo kilicho karibu kuliko inavyodhaniwa: wakihisi hatari, watadai kulipwa kabla ya kuleta mzigo, na hapo kampuni inapoteza mkopo wa siku 30 iliokuwa ikiupata bila riba.

Swali la pili ndilo gumu zaidi, na ndilo linaloamua nani kati ya kambi mbili ana haki. Wateja wakiwa wamesimama kununua kwa muda tu, kulinda watu kuna mantiki ya kibiashara, kwa sababu kuajiri na kufundisha upya ni gharama, na ujuzi ukishaondoka hauitwi kwa barua. Mwaka 1993 Volkswagen, ikiwa na kazi takriban 30,000 nchini Ujerumani zilizo hatarini, ilikubaliana na chama cha wafanyakazi kushusha wiki ya kazi kutoka saa 36 hadi 28.8, siku nne, na kipato kikashuka pia. Utaratibu huo ulianza 1994 na kazi zikabaki. Ulifanikiwa kwa sababu magari yalikuwa bado yanatakiwa na wafanyakazi walikubali kubeba sehemu yao kwa mkataba ulioandikwa.

Wateja wakiwa hawarudi, au tatizo likiwa ndani ya kampuni yenyewe, kugawana machungu ni kuahirisha. Jørgen Vig Knudstorp alipokabidhiwa uongozi wa Lego, kampuni ya Denmark ya vipande vya plastiki vya kuchezea, mwaka 2004, watoto walikuwa bado wanacheza. Kilichokuwa kikiiumiza kampuni ni utitiri wa kazi zake yenyewe: vipande vya aina zaidi ya 12,000, bustani za burudani, na bidhaa zisizojulikana zinaleta faida gani. Aina za vipande zilipunguzwa hadi karibu 7,000, na mwaka 2005 kampuni iliuza hisa nyingi za bustani zake. Kupunguza saa za kazi kusingetibu hilo.

Kuna mfano unaowaumiza wote wenye huruma, na ni haki kuutaja. Aaron Feuerstein wa Malden Mills, kampuni ya vitambaa ya Marekani, kiwanda chake kilipoungua Desemba 1995, aliendelea kuwalipa wafanyakazi waliokosa mahali pa kufanya kazi na akajenga upya palepale. Alisifiwa duniani kote. Mwaka 2001 kampuni iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai, na yeye akapoteza usukani. Wanaopenda kukata huutumia mfano huu kama ushahidi wao. Lakini sehemu kubwa ya mzigo ilikuwa deni la kujenga upya, huku ushindani wa vitambaa vya bei nafuu ukikaza. Mishahara ile ilistahili kulipwa. Kilichopaswa kupimwa kwa ukali zaidi ni ukubwa wa kiwanda kipya kwa soko lililokuwa likibadilika.

Kwa upande mwingine, Airbnb, kampuni ya kupangisha malazi kwa wasafiri mtandaoni, ilitangaza Mei 2020 kuwaondoa watu takriban 1,900 kati ya 7,500. Mkuu wake, Brian Chesky, aliwaandikia kwamba kampuni ilitarajia mapato chini ya nusu ya mwaka uliopita, akaeleza ni miradi ipi inasimamishwa na kwa nini, na walioko Marekani wakapewa mshahara wa wiki 14 pamoja na wiki moja kwa kila mwaka wa utumishi. Kinachosahaulika katika sifa alizopata ni kwamba mwezi mmoja kabla kampuni ilikuwa imekusanya dola bilioni 2. Kuaga watu kwa heshima kunahitaji fedha, na kiongozi anayengoja hadi akaunti imekauka anajinyima uwezo wa kuwatendea haki.

Je, watu waambiwe ukweli wote? Wanaopinga wana hoja: wenye ujuzi adimu ndio wa kwanza kuondoka, na wasambazaji wakisikia watafunga mkono. Hoja hiyo ina nguvu kwa siku chache tu, kwa sababu wafanyakazi wa ghala huona mzigo hauingii kabla meneja hajaitisha mkutano. Njia inayofanya kazi ni kusema mambo matatu tofauti: tunachokijua, tusichokiamua bado, na tarehe tutakayoamua. Ahadi ya kwamba hatapunguzwa mtu mwingine isitoke mpaka jedwali la wiki 13 liihimili. Ikivunjwa mara moja, hakuna tangazo litakaloaminiwa tena. Benki iambiwe kabla masharti ya mkopo hayajavunjwa, ikiwa na jedwali mezani, maana anayeomba nafuu mapema huwa bado ana kitu cha kujadiliana. Na mshahara wa kiongozi ukatwe kabla ya wa wengine. Kihesabu ni kiasi kidogo, lakini ukikatwa baada yao haumshawishi mtu.

Udhibiti nao una pande mbili. Kuweka sahihi za malipo mikononi mwa watu wawili au watatu huziba mianya haraka. Lakini kikomo kikiwekwa chini mno, mashine husimama siku tatu ikingoja idhini ya kipuri cha bei ndogo, na hasara ya uzalishaji hupita akiba. Malipo makubwa na ajira mpya zikae juu. Vipuri, matengenezo na nafuu ndogo kwa mteja wa muda mrefu viachiwe walio karibu na kazi, ndani ya kiwango cha wiki kilichoandikwa.

Hatari ya mwisho huja maagizo yanaporudi. Mteja akilipa baada ya siku 60 na msambazaji akidai ndani ya 30, kila agizo jipya linahitaji fedha ya kampuni kwa mwezi mzima, na mauzo yakipanda kwa asilimia 40, hitaji hilo hupanda vivyo hivyo wakati akiba iko chini kuliko wakati wowote. Kiongozi aliyefunga jedwali la wiki 13 kwa furaha mwezi huo alifungue tena, aongeze mstari wa malighafi ya maagizo mapya, na kabla ya kukubali agizo kubwa aombe malipo ya awali.