Shina la sukuma wiki na krimu ya shilingi 4,500

Wiki mbili zilizopita niliingia duka moja la vipodozi karibu na Barabara ya Tom Mboya kununua mafuta ya kawaida ya kujipaka. Muuzaji akanishika mkono, akaugeuzageuza kama anayechagua parachichi, kisha akaniletea kichupa kidogo. "Dada, hii iko na seli shina za tufaha. Inarudisha ngozi." Shilingi 4,500.

Nilimcheka kimoyomoyo. Hasira ilinipanda baadaye, nikiwa ndani ya matatu, nilipomkumbuka binamu yangu.

Alikuwa na miaka minne sufuria ya uji ilipommwagikia kifuani. Kidonda kilikataa kufunga mpaka madaktari walipochuna utando mwembamba wa ngozi pajani pake na kuupandikiza. Cha ajabu, paja lililochunwa lilijifunga lenyewe baada ya wiki mbili tatu, ilhali kifua kilishindwa. Shangazi alisema ni kazi ya Mungu. Mimi nilipata maelezo miaka mingi baadaye, na sioni kama yanagombana na ya shangazi: kisu kilichukua tabaka la juu tu, kikaacha mizizi ya vinyweleo na mirija ya jasho iliyozama chini. Humo mna seli shina, yaani seli zinazoendelea kuzaa seli mpya kwa muda mrefu, nazo ndizo zilizopanda juu kufunika paja. Za kifuani zilikuwa zimepikwa na uji.

Ngozi ya juu hujifanya upya kwa muda wa wiki nne au zaidi. Seli huzaliwa katika safu ya chini, husukumwa juu, hufa, hubanduka. Ndizo zile taka unazosugua kwa dodoki. Lakini si kila seli ya safu ya chini ni shina, na kwa hadubini zinafanana kama punje za mchele. Utaitambuaje?

Nyumbani, mtaa wa Umoja, tunapanda sukuma wiki kwenye gunia. Chuma jani ulitie ndani ya maji, litakaa kijani siku kadhaa, lakini halitakupa jani jingine. Kinachoendelea kuchipua ni shina, na huwezi kulisifu siku ya kwanza. Unachuma, unangoja, unachuma tena.

Watafiti nao walilazimika kungoja. Mwaka 1975, nchini Marekani, James Rheinwald na Howard Green walifaulu kuotesha seli za ngozi ya binadamu maabara, wakizilaza juu ya seli za panya zilizozuiwa zisizaliane. (Ndiyo, panya. Shangazi asifike hapa.) Mwaka 1987 Green na Yann Barrandon wakaotesha seli moja moja, kila moja kivyake, wakafuatilia uzao wake. Baadhi zilizaa vizazi kwa vizazi bila dalili ya kuchoka. Koo hizo wakaziita holokloni. Nyingine, parakloni, zilikwisha nguvu kabla ya kugawanyika hata mara 15 hivi. Katikati kuna merokloni. Mwaka 1993 Philip Jones na Fiona Watt walionyesha kwamba seli zenye integrini beta 1 nyingi, protini inayoishikiza seli sakafuni pake, ndizo zenye dalili kubwa za ushina. Hiyo inasaidia kuchekecha, lakini si kitambulisho cha taifa. Mpaka leo kipimo ninachokiamini ni kile cha gunia: tuone utazaa mpaka lini.

Jibu zito zaidi lilitoka kwa mtoto mmoja wa miaka saba nchini Ujerumani, mwenye ugonjwa wa kurithi unaofanya ngozi ibanduke kwa kuguswa tu. Michele De Luca na wenzake wa Italia walichukua kipande kidogo cha ngozi yake, wakazitia seli nakala nzima ya jeni LAMB3, lile lililokuwa na hitilafu kwake, wakaotesha ngozi iliyotosha kufunika karibu asilimia 80 ya mwili wake. Taarifa ilitoka mwaka 2017. Kila seli ilikuwa imepokea jeni hilo mahali pake tofauti kwenye DNA yake, kama alama, kwa hiyo ukoo ungeweza kufuatiliwa. Miezi ilivyopita, koo nyingi zilitoweka, na ngozi nzima ikabaki ikitunzwa na uzao wa seli chache za aina ya holokloni.

Hiyo ndiyo kazi iliyolipatia neno "seli shina" heshima, na ndiyo maana linaniuma kuliona limebandikwa kwenye kichupa. Seli ya tufaha haiwezi kugeuka kuwa ngozi ya mtu. Hata ingekuwa hai, ingegonga kwanza tabaka la seli zilizokufa ambalo kazi yake ni kuzuia vitu visiingie. Neno hili ningependa kulisikia likitajwa sana kwenye wodi za walioungua, kwenye bajeti, na kwa vijana wetu wanaochagua masomo ya baiolojia.

Juzi nilirudi dukani nikamuuliza yule muuzaji kama seli zake zimewahi kuzaa chochote. Alinitazama, akaangalia mlangoni kama bosi yupo, akainama. "Dada, nikuambie ukweli? Mimi hupaka mafuta ya nazi."

Nilinunua hayo.