Mlango hufungwa kabla zabuni haijatangazwa

Jirani yangu hapa Ohio ana kampuni ya usafi. Ni mama wa Kikongo, mzaliwa wa Uvira, na wafanyakazi wake ni kumi na mmoja. Wanasafisha kliniki mbili na ofisi za mawakili, usiku, watu wakishaondoka. Mwaka juzi alitamani kazi ya kusafisha jengo moja la serikali ya shirikisho, ambalo analipita kila asubuhi akipeleka watoto shule. Alinijia na bahasha ya makaratasi akasema, "Ndugu yangu, nisaidie, Kiingereza cha serikali kinanichosha."

Ukiisoma sheria utadhani ameshapata. Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Biashara Ndogo mwaka 1953, na leo lengo la serikali ni kwamba asilimia 23 ya fedha za mikataba yake ya moja kwa moja ziende kwa biashara ndogo. Lengo hilo linavukwa. Mwaka wa fedha 2023 ilikuwa asilimia 28.4, dola bilioni 178.6. Lakini tuulizane huyo mdogo ni nani. Katika usafi, kampuni huhesabiwa ndogo mradi wastani wa mapato yake kwa mwaka hauzidi dola milioni 22. Mama mwenye mafagio na gari moja la mizigo, na kampuni ya milioni 20 yenye mwanasheria wake, wote wanaitwa wadogo.

Tulianza na usajili wa SAM.gov, tovuti ambako serikali ya shirikisho husajili wanaotaka kufanya biashara nayo, maana bila huo hupati mkataba. Ni bure, nalisema kwa sauti kwa sababu kabla hata hatujamaliza aliletewa barua yenye nembo ya tai, inamdai mamia ya dola "kukamilisha usajili". Haikutoka serikalini. Kidogo alipe. Kilichotukwamisha hasa ni nukta. Jina la kampuni kwenye cheti cha jimbo lina nukta katikati ya herufi, kwenye barua ya kodi halina, na mfumo ukakataa kwamba ni kampuni moja. Tulikaa mezani kwake jioni tatu, chai inapoa, tukituma nyaraka zile zile. Wiki zikapita ndipo namba ya utambulisho ya kampuni, yenye herufi na tarakimu 12, ikatoka.

Haya yote yanavumilika. Kisichovumilika ni kile tulichokuja kukielewa baadaye.

Kuna kanuni inayoitwa Kanuni ya Wawili. Ofisa ununuzi akiwa na matumaini ya kweli kwamba kampuni ndogo mbili au zaidi zitaleta bei ya haki, zabuni anaitenga kwa wadogo peke yao. Anayajuaje hayo? Anauliza soko. Miezi kabla ya zabuni anaweka tangazo dogo mtandaoni: tunafikiria kununua huduma hii, nani anaiweza, aandike kurasa chache kuhusu ukubwa wake na kazi alizowahi kufanya. Tangazo hilo halimpi mtu kazi wala halitaji bei. Kwa mtu anayelala saa tano kwa siku linaonekana ni la kupoteza muda, na mama yule alipoliona aliniuliza, "Nijibu kitu kisicho na kazi ndani?" Nami, kwa kutojua, nikamwambia aliache.

Zabuni ilipotoka, jengo lake lilikuwa limeunganishwa na mengine katika majimbo matatu. Mkataba mmoja, mzabuni mmoja, uzoefu wa kusimamia wafanyakazi mbali na makao makuu. Alikuwa ameshaondolewa na hakuna aliyemwambia. Kimya chetu kilihesabiwa kama jibu: wadogo hawapo.

Ndiyo maana semina nyingi za "kuwasaidia wadogo" zinaniudhi. Unafundishwa kutengeneza kipeperushi cha kampuni, kuvaa vizuri, kusalimia watu kwenye maonyesho. Msaada wenye maana ni mtu wa kukaa na mama yule siku tangazo la kuuliza soko linapotoka na kumwandikia zile kurasa mbili. Ofisi zenye kazi ya namna hiyo zipo, zinaitwa APEX Accelerators, ni za bure, na mpango wake ulianza mwaka 1985 kwa jina jingine. Wana watu wazuri. Ila wanamsubiri mteja aje, na wetu hawajui kama zipo. Nataka waje kwenye makanisa na misikiti yetu, waje na mkalimani.

Na maofisa ununuzi nao wasikwepe. Asiyepata majibu kwenye mtandao apige simu. Kampuni za usafi za mji huu anaziona kila jioni zikiingia majengo ya jirani. Akiamua kuunganisha majengo, sababu zake azitangaze mapema, wakati bado mtu anaweza kupinga. Kuunganisha kunampunguzia ofisa makaratasi, naelewa, ila mkubwa akishashinda anarudi kuwatafuta hawa hawa wafanye kazi chini yake, kwa bei iliyokatwa. Serikali imelipa bei ya mkubwa, ufagio umeshikwa na mdogo.

Suala la fedha pia lipo. Serikali kwa kawaida hulipa ndani ya siku 30 baada ya kupokea ankara sahihi, na wafanyakazi wanalipwa kila wiki mbili. Mwezi wa kwanza unautoa mfukoni, na benki haimkopeshi mtu ambaye bado hana mkataba.

Wiki iliyopita limetoka tangazo jingine la kuuliza soko, la majengo mawili mjini kwetu. Safari hii tumejibu. Tumeandika idadi ya wafanyakazi, mita za mraba wanazosafisha kwa usiku mmoja, na simu ya meneja wa kliniki anayewafahamu kwa miaka minne. Mstari wa mwisho aliutamka yeye kwa Kiswahili, mimi nikaugeuza: tuko hapa hapa mjini, na tukipewa jengo moja moja tunaiweza kazi hii.