Otto Rehhagel hakubahatika

Juma lililopita nilimsikia mchambuzi mmoja wa redio akiwapanga makocha bora wa Kijerumani wa nyakati zote. Aliwataja Hitzfeld, Heynckes, Klopp, Tuchel na Flick, na msikilizaji alipopiga simu kumkumbusha jina la Otto Rehhagel, mchambuzi alicheka kwanza, kisha akasema kwamba Ugiriki ya 2004, aliyoipa Rehhagel ubingwa wa Ulaya, ilipaki basi, ikabahatika, na ikauharibia mpira sifa yake. Hukumu hiyo imekuwa ikirudiwa kwa zaidi ya miaka ishirini, na wengi wanaoirudia, nashuku, hawajawahi kuketi wakatazama hata mechi moja nzima ya timu ile. Wamerithi kicheko tu.

Basi na tuikague hiyo bahati. Ugiriki ilimfunga mwenyeji Ureno mabao 2 kwa 1 mjini Porto siku ya ufunguzi, ikatoka sare na Hispania, ikamtoa Ufaransa aliyekuwa bingwa mtetezi, ikamtoa Jamhuri ya Cheki ambaye alikuwa ameshinda mechi zake zote nne, kisha ikarudi kumfunga mwenyeji yuleyule katika fainali mjini Lisbon tarehe 4 Julai, mbele ya watu wake mwenyewe. Katika mechi tatu za mtoano, Ugiriki haikuruhusu bao hata moja. Bahati yenye nidhamu ya kiwango hicho ningeomba tugawiwe na sisi, angalau kwa mashindano mamoja.

Ili kuielewa kazi ya mzee yule ni lazima kwanza kukumbuka alikabidhiwa nini. Katika Kombe la Dunia la 1994 Ugiriki ilicheza mechi tatu, ikafungwa zote, ikaruhusu mabao kumi na kurudi nyumbani bila kufunga hata moja. Kwa ufupi, ilikuwa kichwa cha mwendawazimu. Rehhagel alipoichukua mwaka 2001, mechi yake ya kwanza alifungwa na Finland mabao 5 kwa 1 mjini Helsinki. Hata hatua za kufuzu kwa mashindano ya 2004 zilianza kwa vipigo viwili mfululizo vya mabao 2 kwa 0, kutoka kwa Hispania na Ukraine. Baada ya hapo Ugiriki ilishinda mechi sita zilizobaki, ikiwamo ile ya Zaragoza ambapo Giannakopoulos aliifungia bao pekee dhidi ya Hispania, na ikamaliza kileleni mwa kundi, huku Hispania ikilazimika kupitia mlango wa mchujo. Mtu aliyekuwa akifuatilia angeyaona hayo mapema. Wachambuzi walikuwa wakihesabu majina ya wachezaji.

Na majina, kweli, hayakuwapo. Angelos Charisteas, aliyefunga bao la fainali, alikuwa ametoka kumaliza msimu Werder Bremen akianzia benchi mara nyingi. Mabingwa wale hawakuwa na Figo, hawakuwa na Zidane, wala hawakuwa na Nedvěd. Swali la haki kwa kocha ni hili: ukiwa na wachezaji hawa, na si wengine unaowaota, utafanya nini? Rehhagel alijibu kwa kurudisha mbinu ambayo Ulaya nzima ilikuwa imeshaizika, yaani kukaba mtu kwa mtu huku beki mmoja wa mwisho, Traianos Dellas, akibaki nyuma ya wenzake kufagia kila kilichopita. Dhidi ya Cheki, Seitaridis alimfuata Baroš kila alikokwenda, na Kapsis akakabidhiwa Koller, lile jitu la zaidi ya mita mbili. Makocha wa kisasa walicheka kwamba hayo ni mambo ya miaka ya sabini. Yeye alikuwa na jibu lake la siku zote, kwamba anayecheza mpira wa kisasa ni yule anayeshinda.

Wanaosema timu ile haikujua mpira naomba watazame tena bao dhidi ya Ufaransa, dakika ya 65. Nahodha Zagorakis anapokea mpira upande wa kulia, Lizarazu anamjia, naye badala ya kuurudisha nyuma kwa woga anaupaisha juu ya kichwa cha yule beki, anamzunguka, anaukuta upande wa pili, anainua macho na kupiga krosi ambayo Charisteas anaifikia akiwa peke yake na kumwacha Barthez akiutazama mpira wavuni. Lizarazu alikuwa bingwa wa dunia na wa Ulaya! Lau bao hilo lingefungwa na Mbrazili, lingekuwa kwenye kila simu ya kijana wa leo.

Mabao mawili yaliyofuata, yaliyoamua nusu fainali na fainali, yalitokana na kona: Tsiartas alipiga na Dellas akaunganisha kwa kichwa katika sekunde za mwisho za kipindi cha kwanza cha muda wa nyongeza, chini ya ile kanuni ya bao la fedha (anayeongoza kipindi hicho kikiisha ndiye mshindi) iliyofutwa muda mfupi baadaye, kisha Basinas alipiga na Charisteas akaunganisha dakika ya 57. Siku hizi klabu kubwa za Uingereza zinaajiri kocha wa mipira iliyokufa, zinafunga kwa kona, na tunaambiwa hayo ni maarifa ya hali ya juu. Rehhagel alipofanya hivyo, iliitwa ubahili wa soka.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mechi zile hazikuwa za kumfurahisha mtazamaji asiye na upande, na kwamba mpira wa Cheki uliogonga mwamba mapema ungeweza kubadilisha kila kitu, kama vile kuumia kwa nyota wao Nedvěd kulivyobadilisha mengi. Lakini bingwa gani hana mwamba wake? Mwaka 1986 Bremen ya Rehhagel ilipata penalti dakika za mwisho dhidi ya Bayern, na kama ingeingia, ubingwa wa Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, ungekuwa wao. Michael Kutzop akagonga mwamba, mechi iliyofuata wakafungwa Stuttgart, na Bayern wakachukua kombe kwa tofauti ya mabao. Hapo hakuna aliyesema Bayern walibahatika.

Jambo linaloniudhi zaidi ni kwamba wanaozungumza juu ya bahati humwona Rehhagel kana kwamba alizaliwa 2004. Mtoto huyu wa Essen, katika nchi ya migodi ya makaa ya mawe, alijifunza kazi ya kupaka rangi nyumba kabla mpira haujamlisha, na alikuwa uwanjani na Hertha Berlin msimu wa kwanza kabisa wa Bundesliga, 1963. Aprili 1978, akiwa kocha wa Borussia Dortmund, alifungwa na Mönchengladbach mabao 12 kwa 0, akafungashiwa virago kesho yake na kubatizwa jina la dhihaka ambalo lingetosha kummaliza kocha mwingine. Miaka miwili baadaye aliipa Fortuna Düsseldorf Kombe la Ujerumani. Kisha akakaa Bremen miaka kumi na minne, klabu isiyo na fedha za Munich, akatwaa ubingwa wa ligi 1988 na 1993, makombe mawili ya Ujerumani, na Kombe la Washindi la Ulaya mwaka 1992. Bayern walimchukua, wakashindwana naye, wakamfukuza Aprili 1996 akiwa amewafikisha fainali ya Kombe la UEFA, ambayo Beckenbauer, aliyeshika nafasi yake, aliikamilisha. Sisemi kwamba hakuwa na makosa Munich. Alikuwa mkaidi, na amri za baba mwenye nyumba zilizotiiwa Bremen hazikutiiwa na nyota wa Bayern, akina Klinsmann na Matthäus.

Alikwenda Kaiserslautern, iliyokuwa imetoka kushuka daraja. Akaipandisha 1997, na ratiba, ambayo nayo hujua kejeli, ikampeleka Munich siku ya kwanza ya msimu. Schjønberg akafunga, Kaiserslautern wakashinda 1 kwa 0, na Mei 1998 wakawa mabingwa wa Ujerumani. Hakuna timu nyingine iliyopanda daraja na kutwaa Bundesliga msimu uliofuata, si kabla yake, si baada yake. Mtu mmoja akifanya lisilowezekana mara mbili, katika nchi mbili, ndani ya miaka sita, mwenye kudai kwamba ni bahati ndiye anayepaswa kuleta ushahidi.

Miaka iliyofuata haikuwa mitamu. Ugiriki haikufuzu kwa Kombe la Dunia la 2006, na 2008 iliutetea ubingwa wake kwa kufungwa mechi zote tatu, nami sina utetezi wowote kwa mpira waliocheza huko. Afrika Kusini 2010 aliwapa ushindi wao wa kwanza katika historia ya Kombe la Dunia, na waliolipia walikuwa Nigeria, ambao wengi wetu tulikuwa nyuma yao hadi Sani Kaita alipomrushia teke mpinzani na kuoneshwa kadi nyekundu huku timu yake ikiongoza. Hasira za siku ile zilinifanya nimchukie Rehhagel kwa wiki nzima.

Lakini Hertha Berlin ya Februari 2012 hakuihitaji. Alikuwa na miaka 73, timu ilikuwa inazama, na ikazama kwa mabao 4 kwa 3 ya jumla katika mechi mbili za mchujo dhidi ya Fortuna Düsseldorf ileile aliyoipa kombe 1980, mashabiki wakivamia uwanja kabla ya filimbi ya mwisho. Waliompigia simu kumwomba kazi ile walitaka jina lake tu, na alipaswa kuwakatia.