Miaka 16 ndiyo umri wa kununua sungura?

Mwandishi, habari yako ya Uingereza nimeisoma mara mbili. Sheria yao ya 2006 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 16 mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo, hata samaki wa mapambo. Ile ya 1951 iliishia miaka 12, hiyo naielewa. Ila 16 wamezidisha.

Huku kwetu Dodoma mtoto wa miaka kumi anatoka asubuhi na mbuzi wa baba yake, jioni anawarudisha wote, na anayechechemea yeye ndiye wa kwanza kumwona. Mimi sungura wangu wa kwanza nilimnunua mnadani Msalato nikiwa darasa la sita, kwa hela ya kuuza ubuyu. Nilimbeba ndani ya shati, moyo wake ukidunda tumboni kwangu. Kiangazi majani yalipokauka nilitembea hadi korongoni kumtafutia chakula. Mama aliniuliza tu, "Umemlisha?"

Ukatili uadhibiwe, hata sisi tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Lakini muuzaji ashtakiwe kwa sababu ya umri wa mteja tu, na mnyama yuko salama? Waseme mtoto aje na mzazi, inatosha.