Mwandishi anayechunga mdomo sio mwoga

Kuna ubishi umewaka kwenye vikao vya waandishi wa huku kwetu, Arusha na Moshi, na chanzo chake kilikuwa kidogo tu. Kijana mmoja anayeuza hadithi zake kipande kipande kwenye grupu la WhatsApp alikosolewa na msomaji, kwamba stori imeanza kujirudia, yeye akamjibu kwa matusi ya nguoni, msomaji akapiga skrinshoti na ile skrinshoti ikazunguka mpaka kwenye magrupu ya vikoba na ya kwaya ambako hata hizo hadithi hawazisomi. Mzee mmoja, mwandishi wa siku nyingi, akasema mbele za watu kwamba mwandishi lazima achunge anachosema, mtandaoni na hata kijiweni. Hapo ndo vijana wakamjia juu, kwamba huo ni woga, kwamba kazi ya mwandishi ni kusema, na anayeogopa kusema bora akauze mitumba Memorial.

Hoja ya vijana tuipe haki yake kwanza maana ina uzito, na uzito wenyewe uko hapa hapa mjini. Juni 2016 mahakama hapa Arusha ilimtia hatiani mkazi mmoja wa mji huu kwa maneno aliyoandika Facebook kumhusu Rais wa wakati ule, akapewa miaka 3 jela au faini ya milioni 7. Maneno ya Facebook. Na mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, Desemba 2014, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni huku huku Arusha, ilikuwa imeshatoa hukumu kwenye kesi ya mwandishi wa habari wa Burkina Faso, Lohé Issa Konaté, aliyefungwa miezi 12 kwa makala kuhusu mwendesha mashtaka, ikasema kumtupa mtu jela kwa ajili ya kashfa ni kukiuka uhuru wa kujieleza, labda iwe mambo mazito kama kuchochea chuki au vurugu. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo ya hapa hapa, ikasema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinapingana na mkataba wa Jumuiya. Halafu Novemba mwaka huo huo Tanzania ikaliondoa lile tamko lililokuwa linamruhusu mwananchi wa kawaida kwenda mwenyewe moja kwa moja Mahakama ya Afrika. Kwa hiyo kijana wa Sakina au Kijenge akisema tatizo ni sheria, tatizo sio mdomo wake, ana pa kusimamia, na mimi nakubaliana nae kwamba hakuna mtu anayestahili jela kwa posti ya kumkera mkubwa.

Wanamtaja pia mshairi Abdilatif Abdalla wa Kenya, na wana haki ya kumtaja. Kijana wa Mombasa wa miaka ishirini na kitu, akaandika waraka mwaka 1968 wa kuikosoa serikali ya Kenyatta, akafungwa kuanzia 1969 mpaka 1972, na mashairi aliyoyaandika kwa siri gerezani yakaja kupewa tuzo yenye jina la Kenyatta huyo huyo. Wanasema angechunga mdomo leo tungekuwa na nini? Swali zuri. Ila tukumbuke kitu ambacho vijana wanakiruka: yule bwana alichokisema alikipima, akajua anasema nini na kwa nani, na alipoingia ndani akaandika kwa mafumbo na kwa vina vilivyokaa sawa, kila neno limechaguliwa. Huwezi kuuchukua ujasiri wa namna ile ukaufunika juu ya matusi uliyomwandikia mteja wako saa tano usiku kwa sababu kasema sehemu mbili zinafanana. Ni vitu viwili havina hata undugu.

Sasa nije kwa upande wa mzee, ambao naona watu wameusikia vibaya kabisa, yani wamesikia "nyamaza" wakati yeye kasema "chunga".

Watu wengi wanaobishana hapa hawajawahi kukaa wakakisoma kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kinasema ukichapisha kwenye mtandao taarifa unayojua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kudanganya umma, faini yake ni isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote kwa pamoja. Isiyopungua. Hiyo milioni 5 ni sakafu, ukipigwa faini unaanzia hapo kwenda juu. Mwandishi wa kwetu hadithi nzima anaiuza elfu mbili, kwa M-Pesa, tena wengine wanaomba punguzo. Milioni 5 kwa elfu mbili mbili ni wanunuzi 2,500. Grupu moja la WhatsApp mwisho wake ni watu 1,024, maana yake unahitaji magrupu mawili yaliyojaa pomoni na la tatu linakaribia nusu, na wote humo wawe wamelipa, hakuna hata mmoja aliyesomeshwa bure na rafiki yake, na wewe mwenyewe usile, usinunue bando, usilipe kodi ya chumba. Mimi kila nikiipiga hiyo hesabu nashindwa kuelewa mtu anayemwambia mwenzie "sema tu, usiogope" anategemea nani alipe.

Ni kweli sheria inataka ithibitike kwamba ulijua ni uongo na ulikuwa na nia mbaya, na wakili mzuri anaweza kukutoa. Ila wakili anakuja baadae. Kinachokuja mwanzo ni simu. Kifungu cha 31 cha sheria hiyo hiyo kinampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kuandika amri ya kupekua na kuchukua kifaa akiridhika kuna sababu za msingi, na hapo ndo huwa nasikia baridi, maana nawajua waandishi wa huku wanavyofanya kazi. Wachache sana wana kompyuta. Riwaya nzima iko kwenye simu, sura nyingine iko kwenye kumbukumbu za simu, nyingine kajitumia mwenyewe kwenye chati, nyingine iko kwenye meseji za sauti alizorekodi akiwa kwenye daladala akitokea Usa River, hajahifadhi popote pengine kwa sababu bando la kupandisha mafaili ni hela. Namba za wateja ziko humo humo. Laini ya kupokelea malipo iko humo. Sasa hiyo simu ikishakuwa kielelezo inakaa kwenye bahasha, kesi inatajwa, upelelezi haujakamilika, inaahirishwa, inatajwa tena, na miezi inakwenda. Hata ukija kushinda, hata kama hakimu atasema huna kosa nenda nyumbani, wasomaji wako walishahamia kwa mtu mwingine na ile sura uliyoandika kwa mwaka mzima unaweza usiipate. Watu wakisikia kesi ya mtandao wanawaza jela tu, mimi nawaza hiyo bahasha.

Mtu atasema basi huo ndo woga wenyewe unaouhubiri. Hapana. Sheria kuwa kali kupita kiasi ni jambo moja na lipigiwe kelele, na kumshauri mdogo wako aende akaijaribu kwa ajili ya ugomvi wa maneno ni jambo jingine. Na nimeangalia, wengi wanaosukuma wenzao kwa sauti kubwa wanatumia akaunti ambazo hazina jina wala sura. Yule mwenye jina lake juu ya jalada, ambaye mwalimu mkuu wake na mchungaji wake na baba mkwe wake wanajua namba yake, ndo anaambiwa muoga. Waandishi wengi wa Moshi ni walimu, wanafundisha Hai, wanafundisha Mwanga, jioni wanaandika. Wazazi wa wanafunzi wanazisoma posti zao. Huyo akisoma komenti ya kumchokoza akaiacha ipite, kuna watoto anaowafundisha kesho asubuhi na hataki waje wamuangalie kwa jicho lile.

Na dada zetu ndo usiseme. Mwanamke akiandika riwaya ya mapenzi tu anaanza kutumiwa ujumbe wa ajabu ajabu, anaulizwa hayo aliyoyaandika kayafanya na nani, akijibu kwa ukali anaitwa malaya na akinyamaza anaitwa anaringa. Wengi wameamua ukurasa wao ni wa kazi peke yake, hawaweki picha ya nyumbani, hawajibu mambo ya ndoa zao. Huo uamuzi umetokana na kuumizwa. Mwanaume anayekuja kuwaambia hawana ujasiri angevaa viatu vyao hata wiki moja kwanza.

Halafu kuna hili la udogo wa mahali, ambalo Dar pengine hawalielewi. Dar unaweza kumsema mtu na usikutane nae tena. Huku Desemba ikifika watu wanapanda mlimani kwao, Rombo, Marangu, Machame, Kibosho, ukoo mzima unakaa pamoja, mbege ipo, nyama ipo, na yule baba mdogo uliyemuweka Facebook mwezi wa nane kwa ugomvi wa kihamba, yani shamba la ukoo, kwa jina lake na kijiji chake, amekaa mbele yako na wanae wote. Ulichoandika kinaweza kuwa kweli kabisa. Lakini hakuwepo kujitetea, na ugomvi wa kihamba huwa una pande tatu nne na karatasi ambazo wewe kijana hujawahi kuziona. Katiba yetu ibara ya 18 inakupa wewe uhuru wa kutoa maoni, na ibara ya 16, mbili tu nyuma yake, inampa yeye haki ya faragha ya nafsi yake na familia yake. Vijana wanaikariri ile ya 18 vizuri sana.

Kuna kisa cha Marekani ambacho pande zote mbili zinakitumia. Mei 2019 mwandishi Natasha Tynes alimpiga picha mfanyakazi wa treni za Washington, mama mweusi aliyevaa sare, anakula ndani ya treni, akaiweka Twitter kulalamika kwamba abiria wanakatazwa kula na yeye anakula. Watu wakaona amemtafutia mwenzie kufukuzwa kazi kwa ajili ya chakula cha asubuhi. Alifuta, akaomba radhi, haikusaidia: kampuni iliyokuwa isambaze riwaya yake ikajitoa ndani ya muda mfupi, na baadae akaifungulia kampuni hiyo kesi ya zaidi ya dola milioni 13. Kitabu kilikuja kutoka, ila kwa watu wengi jina lake lilibaki na ile picha. Vijana wanasema adhabu ilipita kosa, na mi naona hivyo pia, kitabu hakikuwa na hatia yoyote. Ila mimi namfikiria zaidi yule mama wa sare. Yeye hakuandika chochote, alikuwa anakula. Mwandishi ndo alikuwa na wafuasi, ndo alikuwa na maneno, na akavitumia vyote kwa mtu ambaye hana. Hilo ndo mzee alikuwa analisema na watu wakasikia siasa.

Ambapo mimi na mzee tunaachana ni pale aliposema uangalifu uingie mpaka kwenye kazi yenyewe. Hapo kakosea. Mwandishi akianza kumfuta mwenyekiti wa kijiji anayekula hela za maji kwenye riwaya kwa sababu mwenyekiti wa kweli anaweza kukasirika, hapo tumeshapoteza, na hao ndo wale wanaoandika hadithi ambazo watu wabaya wote wanatoka nchi isiyojulikana. Hadithi ina nafasi ambayo posti haina. Kijiji unakipa jina lako mwenyewe, mwenyekiti unampa sura ya watu watano, unachukua mwaka mzima kuhakikisha hata yeye ana sababu zake, na ukweli unabaki umesimama pale pale. Na hata nje ya hadithi, ukiwa na jambo la umma, barabara, maji, hela za shule, una risiti na una watu walioona, liseme kwa jina lako na mimi nitasimama na wewe. Ninachokataa ni kuita kila mtu anayechagua maneno yake msaliti wa fasihi, wakati yeye mara nyingi ndo mwenye kazi iliyokamilika na nyinyi mna nyuzi za malumbano.

Vyama vyetu vya waandishi vinafanya uzinduzi wa vitabu, keki inakatwa, mgeni rasmi anaongea saa nzima. Sijawahi kuona hata kimoja huku kaskazini kilichomuita wakili akae na wanachama awasomee kifungu cha 16 na cha 31 neno kwa neno, awaambie polisi wakija na amri wana haki gani, waombe hati ya vitu vilivyochukuliwa, wampigie nani. Wala kumuita kijana wa IT awaonyeshe kuhifadhi rasimu sehemu mbili kwa bando dogo. Wakili mmoja, mchana mmoja, kwenye ukumbi ule ule wa keki, na ikiwezekana mfuko wa kuchangia elfu tano tano kwa mwezi ili mwenzetu akikamatwa kwa jambo la kweli alilolisema kwa utulivu awe na wa kumsimamia. Mzee aje, na vijana waje, waulize wenyewe mpaka wapi.