Bustani Zinazobaki kwenye Ramani

Mwezi uliopita tulimzika mzee mmoja wa mtaani kwetu, Kinondoni, jijini Dar es Salaam, ambaye miaka yake ya mwisho aliishi na mwanawe katika jengo jipya la ghorofa lililosimamishwa mahali palipokuwa na nyumba mbili za Kiswahili. Waombolezaji walipoanza kufika na vijana wakaleta turubai na viti, mlinzi aliwaeleza, kwa maelekezo aliyopewa na msimamizi wa jengo, kwamba turubai halitafungwa ndani ya geti, kwa kuwa eneo lote lililobaki ni maegesho na kila egesho limeuzwa pamoja na nyumba yake. Turubai likafungwa barabarani. Kina mama walikaa mikekani juu ya lami, kando ya mtaro, bodaboda na bajaji zikipenya katikati ya wafiwa, na chakula cha msiba kilipikwa kwenye uwani wa nyumba ya tatu kutoka hapo, ambayo mwenyewe bado hajaiuza. Ukutani mwa jengo palikuwa na bango la mauzo ambalo halijaondolewa hadi leo, na katika bango hilo jengo limezungukwa na nyasi, miti yenye vivuli na watoto wanaocheza.

Simlaumu mlinzi. Yeye alilinda kile alichokikuta. Ninaloliuliza kwa uchungu ni hili: kama nyasi na miti ile ilichorwa, na kama kwa michoro ya namna hiyo kibali cha ujenzi kilitolewa, ilipotea hatua gani, na ni nani aliyekuwa na wajibu wa kuiulizia?

Anayefuatilia ujenzi wa jiji hili anajua inapopotelea. Michoro inayopelekwa manispaa huwa na sehemu ya kijani, kwa sababu bila hiyo ingerudishwa. Kibali kikishatoka, wakaguzi wanaofika kwenye eneo la ujenzi wanaangalia msingi, nguzo, nondo na zege, na ni haki yao kuyatanguliza hayo, kwa maana katika jiji hili majengo yamewahi kuanguka na kuua. Machi 2013 jengo la ghorofa kumi na sita lilianguka Mtaa wa Indira Gandhi na kuua watu 36. Novemba 2024 likaanguka jingine Kariakoo, na nchi nzima ikakaa siku kadhaa ikisubiri habari za waliofukiwa. Lakini bustani huja mwisho kabisa, fedha zikiwa zimekwisha na wanunuzi wakiwa wanapiga hodi. Mbunifu majengo mmoja aliwahi kunieleza kwamba katika makadirio yake, fungu la bustani ndilo la kwanza kupunguzwa kila gharama zinapopanda. Panapobaki mita za mraba mia mbili za udongo, mwendelezaji anahesabu magari yatakayoenea hapo, anamwaga kifusi, anapanga pevingi, na bustani imekwisha kabla ya kuzaliwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba sharti la eneo la wazi linapaswa kupimwa siku watu wanapotaka kuhamia, kwa futi kamba, juu ya ardhi yenyewe. Mpaka eneo hilo litakapopatikana, jengo lisiruhusiwe kukaliwa. Sheria ya Mipango Miji Namba 8 ya mwaka 2007 inaziruhusu mamlaka za upangaji kutoa vibali vyenye masharti. Sharti lisilokaguliwa baada ya ujenzi halimzuii mtu yeyote.

Napenda watu waelewe jambo hili lilikotoka, kwa sababu husemwa kwamba bustani ni anasa ya Masaki na kwamba sisi wengine hatukuzoea. Waingereza walipoutawala mji huu waliugawa katika kanda tatu za ujenzi. Kanda ya nyumba za Kizungu, ambayo baadaye ilisogea hadi Oysterbay, ilipewa viwanja vikubwa, miti na upepo wa bahari. Kanda ya kati ikawa ya biashara, na wengi walioishi humo walikuwa Waasia. Waafrika walipangiwa Kariakoo na baadaye Ilala, kwenye viwanja vidogo vilivyobanana. Hata Mnazi Mmoja, tunapopumzika leo karibu na mnara wa Mwenge, paliachwa wazi kusudi patenganishe makazi ya Waafrika na ya wengine. Kivuli, kwa maneno mengine, kiligawanywa kwa rangi ya ngozi kabla mtu yeyote hajajenga, na tofauti hiyo bado inaonekana kwenye picha za jiji zilizopigwa kutoka angani.

Pamoja na ufinyu ule, waliojenga Kariakoo, Ilala, Magomeni na Kinondoni hawakukubali kuishi bila nafasi. Nyumba ya Kiswahili ina kibaraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na nyuma yake uwani. Wageni wengi waliiona kama nyumba ya vyumba sita tu, hawakuona kwamba moyo wake ulikuwa kule nyuma. Uwani ndiko kulikopikwa, kulikofuliwa na kuanikwa, ndiko watoto walikotambaa bila kuogopa gari, ndiko mwali alikochezwa na maiti akakoshewa. Palikuwa na mpapai, pengine mwarobaini au mkungu, na udongo uliofagiliwa kila asubuhi ambao mvua ikinyesha uliyameza maji yake wenyewe. Mbele, kibaraza kilikuwa cha mpita njia yeyote mwenye salamu na dakika tano za bao. Mambo hayo yote yalitoshea katika kiwanja ambacho leo tunaambiwa ni kidogo mno kubakiza hata mti mmoja.

Anayenunua nyumba mbili au tatu za namna hiyo, akazibomoa na kuinua ghorofa nane za makazi, huwa anaondoa uwani na vibaraza vya familia kadhaa na kuleta familia nyingi zaidi juu ya ardhi ileile. Mahitaji ya nafasi ya pamoja yameongezeka mara kadhaa, na nafasi yenyewe imefutwa. Hili ndilo kosa ninaloomba kila afisa mipango miji alitazame kabla ya kugonga muhuri. Sehemu ya wazi katika jengo la ghorofa ni uwani wa watu wote waliomo. Ipimwe kwa matumizi hayo: je, turubai moja linaenea? Mtoto wa miaka minne anaweza kukimbia humo mama akimwona kutoka jikoni? Bibi asiyeweza ngazi anaweza kufika na kukaa kivulini? Mahali pasipoweza kujibu maswali haya pasihesabiwe kuwa eneo la wazi, hata kama pamepakwa kijani kwenye mchoro.

Suala la maji nalo lina hesabu nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kiwanja cha mita za mraba 1,000 kilichofunikwa chote kwa paa na pevingi, kikipata milimita 50 za mvua kwa siku, jambo linalotokea wakati wa masika, kinatoa lita 50,000, yaani maboza matano ya lita 10,000, na karibu yote yanasukumwa kwenye mtaro wa jirani. Zidisha kwa viwanja vya mtaa mzima, kisha ufuate mteremko hadi Bonde la Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na wakazi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Tangu wakati huo barabara ya Jangwani, inayokatiza bonde hilo, imefungwa mara nyingi kiasi kwamba wasafiri wa mwendokasi wameshazoea kuuliza kama njia inapitika. Tunawalaumu waliojenga bondeni, na sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, lakini maji yanayowafuata huko yanatoka kwetu tuliofunika miinuko. Serikali sasa ina mradi mkubwa wa kulirekebisha bonde hilo, ukiwamo mpango wa bustani ya jiji. Nauunga mkono. Hata hivyo, bustani ya bondeni haitaweza kunywa maji ya wilaya nzima iliyoziba ardhi yake.

Nakiri, ingawa kwa shingo upande, kwamba waendelezaji wana hoja mbili za kweli. Ardhi ya mjini ni ghali, na watu wanahitaji pa kuishi: sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 4,364,541 Dar es Salaam, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Kujenga kwenda juu ni bora kuliko kuendelea kukata mashamba na misitu hadi Kisarawe na Kibaha. Lakini anayekwenda juu ndiye hasa mwenye uwezo wa kuacha ardhi chini, kwa kuwa kila ghorofa aliyoongeza imempa nyumba za kuuza bila kuhitaji ardhi zaidi. Kuruhusiwa urefu ni zawadi kutoka kwa jamii, na jamii ina haki ya kudai sehemu ya ardhi kwa malipo.

Wako wanaosema bustani ihamie juu ya paa, na wanaitaja Singapore, ambako tangu 2009 upo utaratibu unaowataka wajenzi katika maeneo mengi warudishe juu ya jengo kijani walichokiondoa chini. Ni utaratibu wa kuheshimika kwao, wenye wakaguzi na matunzo. Paa zetu zina simtanki, majiko ya dharura na nyaya za runinga, na lifti zetu nyingi husimama umeme ukikatika. Paa lipandwe maua kwa nia njema, ila lisihesabiwe badala ya udongo wa chini.

Udongo huo nao uwe na kina. Ghorofa la maegesho chini ya ardhi linapochimbwa kutoka mpaka mmoja wa kiwanja hadi mwingine, kinachobaki juu ni sanduku la mchanga ambamo hakuna mti utakaozidi kimo cha mtu.

Na miti ichaguliwe kwa kivuli. Safu za miashoki, ile miti mirefu myembamba, zilizobanwa ukutani hupendeza pichani, lakini saa saba mchana wa Februari hakuna anayeweza kukaa chini yake. Mkungu hutandaza matawi kama mwavuli, na mwarobaini huvumilia kiangazi bila kumwagiliwa kila siku, jambo la maana katika jiji ambalo mgao wa maji haujawa historia.

Kuhusu umiliki, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inatambua maeneo ya pamoja ambayo wenye nyumba wote katika jengo wanayamiliki kwa ushirika. Manispaa zinaweza kutaka eneo la wazi liandikwe hivyo tangu kwenye ramani ya kwanza, likiwa na vipimo vyake, ili mwendelezaji asiwe na cha kuuza hapo na msimamizi asiwe na cha kukodisha. Nakala ya ramani hiyo ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, ambako mjumbe na majirani wanaweza kuisoma na kuilinganisha na wanachokiona.

Nanyi mnaonunua nyumba hizi kabla hazijakamilika, wengi wenu kwa mikopo ya miaka mingi, msiridhike na picha ya bango. Kabla ya kulipa awamu inayofuata, ombeni ramani iliyogongwa muhuri, mtafute sehemu ya kijani, mwulize iko wapi juu ya ardhi na imeandikwa kwa jina la nani, kisha jibu hilo liingizwe kwenye mkataba wa mauziano. Mkiwa wanunuzi kumi katika jengo moja mlioandika barua moja kuhusu mita zilezile za mraba, mwendelezaji atalazimika kuwajibu kabla hajaagiza lori la pevingi.