Greni Haitoshi, Pima Msokoto wa Mtutu

"Chukua greni 77, ndiyo inapiga sawasawa." Greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi, na ushauri huu unazunguka kwa wenye bunduki hapa Nairobi kana kwamba mitutu yote imechongwa na mkono mmoja. Unaudhi, maana anayeufuata humaliza boksi zima la risasi, kisha anaambiwa hajui kulenga.

Mifereji iliyo ndani ya mtutu ndiyo inayokizungusha kichwa cha risasi kisipinduke hewani. Bunduki za .223, aina ya risasi yenye kichwa chembamba, mara nyingi huja na msokoto wa 1:12, 1:9 au 1:7, yaani mzunguko mmoja kila inchi 12, 9 au 7. Kinachodai mzunguko wa kasi ni urefu wa kichwa; greni tunazitaja kwa sababu tu ndizo zilizoandikwa kwenye boksi. Kanuni ya mwanahisabati Greenhill ya 1879 bado inafaa kwa makadirio: 150 mara kipenyo, mara kipenyo tena, gawanya kwa urefu. Kwa kipenyo cha inchi 0.224, kichwa cha inchi 0.75 kinataka 1:10. Cha inchi 1 kinataka 1:7.5. Hicho kirefu ukikipitisha kwenye 1:12, karatasi ya shabaha itatoboka tundu refu, kwa kuwa kichwa kimefika kikiwa ubavu. Hata ulenge vipi, matundu hayatakusanyika pamoja. Na vichwa vya shaba tupu vinahitaji uangalifu zaidi: shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kwa greni zilezile kichwa huwa kirefu zaidi.

Msokoto mkali nao una kasoro, nakubali: kichwa chepesi chenye ganda jembamba kinaweza kuchanika kikiwa njiani.

Tukumbuke pia tuko juu. Hewa ya Nairobi ni nyepesi, kwa hiyo kichwa kinachotulia hapa kwa shida kinaweza kuyumba Mombasa.

Basi pima. Toa risasi zote, kagua chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho na kwa kidole. Ingiza ufito wa kusafishia kupitia mdomo wa mtutu, ukiwa na kitambaa kinachobana. Tia alama ya wino upande wa juu wa ufito, pale mdomoni. Vuta polepole mpaka alama izunguke na kurudi juu, kisha pima kutoka mdomoni hadi kwenye alama. Mshiko wa ufito lazima uzunguke wenyewe. Usipozunguka, kitambaa huteleza juu ya mifereji na 1:7 inaweza kusomeka kama 1:9. Rudia mara tatu. Vipimo vikitofautiana, badilisha kitambaa kabla ya kwenda dukani.